Mkono wa sinema au mkono wa kulabu: upi umfae mtu wa Unguja na Pemba?

Kuna video inazunguka tena kwenye magrupu ya WhatsApp. Kijana aliyekatika mkono anashika yai kwa vidole vya mashine, analinyanyua, analiweka, na yai halina hata ufa. Kila video hiyo inapopita, kuna mtu hunifuata kibandani kwangu hapa Chake Chake. Mimi ni fundi wa simu, na kwa watu wengi fundi wa simu ni fundi wa kila chenye betri. Wanaokuja mara nyingi ni baba mtu au kaka mtu. Kijana wao kapoteza mkono kwa msumeno, kwa baruti ya kuvulia au kwa bodaboda, ukoo umeanza kuchanga, na swali lao ni moja: ule mkono upo kweli, na kama upo, tununue huo au mwengine?

Upo. Hapa sinema ilitangulia na sayansi ikaifuata kwa karibu. Mwaka 1980 watazamaji wa Star Wars walimwona Luke Skywalker akikatwa kiganja, kisha akiwekewa cha mashine kinachoshtuka kikichomwa sindano. Mwaka 2006 DARPA, idara ya utafiti ya jeshi la Marekani, ilianzisha mradi wa kuwatengenezea mikono ya namna hiyo askari waliorudi vitani bila ya yao. Mwaka 2007 kampuni ya Touch Bionics ya Scotland ikaanza kuuza i-limb, kiganja ambacho kila kidole kina mota yake. Mwaka 2014 serikali ya Marekani ikaruhusu kuuzwa kwa mkono wa kampuni ya DEKA ya Dean Kamen, uliotokana na ule mradi wa DARPA. Waliupa jina la LUKE, kwa kumkumbuka yule wa sinema.

Lakini kuwepo kwa kitu ni jambo moja na kumfaa mtu wa Micheweni au Makunduchi ni jambo jengine. Ninavyoona mimi, kwa watu wengi wa visiwa hivi mkono wa kununua leo si ule wa video. Ni wa muundo wa mwaka 1912.

Iliyopo sokoni

Mikono ya bandia kwa aliyekatwa chini ya kisugudi ipo ya namna nne: wa umeme, wa kulabu inayovutwa kwa waya, uliochapwa kwa printa ya 3D (inayochapa vitu vya plastiki badala ya karatasi), na wa sura tu, ambao haufanyi kazi ila unaonekana kama mkono. Ya tano, ambayo wauzaji hawaitaji, ni kukaa bila ya wowote. Wengi huishia huko. Mwaka 2007 Elaine Biddiss na Tom Chau wa Toronto walikusanya tafiti za miaka 25 kuhusu watu wanaoacha kuvaa mikono yao ya bandia. Kwa watu wazima, wastani ulikuwa asilimia 26 kwa mikono ya waya na asilimia 23 kwa ya umeme. Kwa watoto ulikuwa 45 kwa 35. Tofauti ya bei kati ya mikono hiyo ni kubwa mno, lakini tofauti ya kutupwa kabatini ni ndogo. Mwenye kuchangisha fedha aanze kwa kuzitazama namba hizo.

Wa umeme

Mkono huu hausomi mawazo, ingawa maelezo ya video hupenda kusema hivyo. Mtu akijaribu kufumba kiganja ambacho hakipo, misuli iliyobaki kwenye mkono bado hukaza, na msuli unaokaza hutoa umeme mdogo sana, wa sehemu za elfu za volti au chini ya hapo. Elektrodi zinazogusa ngozi ndani ya soketi, yaani kikombe kinachovishwa sehemu ya mkono iliyobaki, huudaka umeme huo, kompyuta ndogo huufasiri, mota huvuta vidole. Kwa kawaida elektrodi ni mbili tu: ya msuli wa kufumba na ya msuli wa kufumbua. Kuhama kutoka mshiko wa kubana sindano kwenda mshiko wa kukamata chupa kunahitaji ishara maalumu, kwa mfano kukaza misuli yote miwili kwa pamoja, au kubonyeza programu kwenye simu.

Ukiwa ndani ya nyumba, penye feni, ni kitu kizuri kweli. Huna mikanda begani. Unaweza kuunyanyua mkono juu ya kichwa au kuupeleka mgongoni na bado ukafumba na kufumbua, jambo ambalo mkono wa waya hauliwezi vizuri. Unashika gilasi, unageuza ufunguo, unazuia daftari lisitembee. Na watu wanapoutazama, hutazama kwa kutamani. Hilo lisidharauliwe, kijana wa miaka kumi na tisa analiweka mbele ya yote.

Sasa mabaya yake. La kwanza ni jasho. Katika joto la kaskazi soketi hujaa maji yenye chumvi, na elektrodi ikilowa huanza kusikia makelele badala ya msuli: kiganja kinafumbuka chenyewe, au kinagoma. La pili ni kwamba vidole vya mikono mingi havihisi. Lile yai la kwenye video linashikwa kwa macho. Mwambie yule kijana afumbe macho uone. Kinachohisi kupitia neva kipo maabara. Mwaka 2013 Dennis Aabo Sørensen, raia wa Denmark, aliwekewa elektrodi ndani ya neva za mkono huko Roma, na kwa muda wa jaribio akaweza kutofautisha kitu kigumu na laini akiwa amefungwa macho. Jaribio likaisha, elektrodi zikatolewa. Huo ndio mkono wa Luke Skywalker wa kweli, na huwezi kuununua.

La tatu ni bei. Kiganja cha vidole vingi vyenye mota, pamoja na soketi na kazi ya kukifunga, ni makumi ya maelfu ya dola. Na fedha hiyo unanunua kitu ambacho mota yake ikifa, mimi siwezi kukutengenezea. Naweza kubadilisha betri ya simu, naweza kuchomelea sehemu ya chaja, lakini kiganja hiki huja na programu iliyofungwa na vipuri vinavyotoka kiwandani tu. Kitarudishwa Ulaya au Marekani, kitakaa huko wiki kadhaa, na mwenyewe atabaki na mkono mmoja.

Kuhusu umeme wa kuchajia, ambao wengi huuliza kwanza, mimi sina wasiwasi mkubwa. Betri hukaa siku nzima kwa matumizi ya kawaida. Unguja tunaikumbuka ile giza ya kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika, lakini siku hizi hata shamba kuna sola ya kuchajia simu.

Wa kulabu

David Dorrance, Mmarekani aliyepoteza mkono kwenye kiwanda cha kupasua mbao, alipata hataza ya kulabu yake ya vidole viwili mwaka 1912, na haijabadilika sana tangu hapo. Mkanda unazunguka bega la upande wa pili. Ukisukuma bega mbele kidogo, waya unavutwa na kulabu zinaachana. Ukilegeza, mipira iliyovishwa kwenye shina lake inazibana tena. Kila mpira mmoja unaongeza karibu nusu kilo ya nguvu ya kubana, kwa hiyo unavisha mingi au michache kufuata kazi yako. Huo waya ni wa aina ile ile ya breki za baiskeli, uzi wa chuma unaoteleza ndani ya ala, na ukikatika Wete, fundi baiskeli wa Wete ataelewa anachokitazama.

Faida yake kubwa haionekani kwenye picha. Waya ukikaza, bega lako linajua. Unahisi kulabu imefunguka kiasi gani na imegota wapi bila ya kuitazama. Kwa mvuvi wa mshipi anayekaa usiku kwenye ngalawa na karabai moja, hiyo ni tofauti ya mkono unaofanya kazi na pambo.

Na si maneno ya fundi wa kijijini tu. Mwaka 2016 huko Zürich, Uswisi, yalifanyika mashindano ya kwanza ya Cybathlon, ya watu wenye viungo bandia vya kisasa. Kwenye mbio za mikono kulikuwa na kazi za nyumbani kama kukata mkate na kuanika nguo. Mshindi alikuwa Robert Radocy wa Marekani, na mkono aliovaa haukuwa na mota wala betri. Ulivutwa kwa bega. Ni kweli kwamba Radocy mwenyewe alikuwa mtengenezaji wa mikono hiyo na alikuwa ameivaa miaka mingi, kwa hiyo usitarajie kijana wako awe vile baada ya mwezi. Lakini wengi wa walioshindana naye walikuwa na mota.

Kulabu nayo ina adha zake. Mkanda unakwaruza kwapani, na kwenye joto hutoa vipele mpaka mtu ajifunze kuvaa fulana ya pamba chini yake. Kitu kikubwa cha mviringo huiteleza: kukuna nazi kwenye mbuzi, ukizuia kifuu kwa kulabu, ni tabu tupu. Kisha kuna sura. Watoto watauliza, watu wazima watatazama pembeni, na harusini mwenye kulabu ataificha chini ya kanzu. Ndiyo maana nasema kulabu inunuliwe pamoja na kiganja cha sura cha kubadilisha, kwa kuwa mikono mingi ya waya hukubali kufunguliwa kwenye kifundo na kufungwa kichwa chengine. Cha kazi siku za kazi, cha sura siku ya Ijumaa.

Bei yake huko Marekani ni maelfu machache ya dola, na ile inayotengenezwa kwa nchi kama zetu huwa chini ya hapo.

Maji ya chumvi

Hapa ndipo mizani inapolala upande mmoja, nami nina la kusema kwa kuwa ndiyo kazi yangu ya kila wiki. Wavuvi huniletea simu zilizotumbukia. Ukiifungua siku mbili baadaye unakuta ubao umeota unga wa kijani, mwingi zaidi pale betri inapoungana na waya wake. Maji peke yake yangesamehe. Kinachoua ni chumvi ikikutana na umeme: chuma kinaliwa huku betri inaendelea kusukuma. Nyuzi nyembamba za shaba zinakatika kabla hata simu haijakauka, na hakuna mchele wa kuiponya.

Kiganja cha umeme kina ubao kama huo, betri, na mota ndogo kadhaa juu yake. Wapo waliojitahidi: kampuni ya TASKA ya New Zealand hutengeneza kiganja kisichoingia maji, na huo ni ushindi mkubwa kwa mtu wa kuosha vyombo. Lakini sifa hiyo ni ya kiganja. Soketi, elektrodi na betri zilizo juu ya kifundo ni shauri nyengine. Mwanamke wa Paje au Jambiani anayefunga mwani kwenye kamba husimama ndani ya bahari maji yakimfika magotini na zaidi, mikono ikiwa chini ya maji muda wote. Sioni mkono wa umeme ambao ningemwambia aende nao huko.

Kulabu ya chuma kisichoshika kutu inakwenda. Ya alumini ni nyepesi, ila chumvi huila polepole. Ukirudi unaiosha kwa maji ya mfereji, unaifuta, unaitia tone la mafuta kwenye bawaba, na ala ya waya unaitikisa itoke maji. Waya utauhesabia kuwa ni wa kubadilisha mara kwa mara.

Maji mengine ni ya udhu. Sehemu ya mkono iliyobaki chini ya kisugudi huoshwa, kwa hiyo mkono wowote wa bandia utavuliwa na kuvaliwa mara kadhaa kwa siku. Kabla ya kulipa, mwambie kijana auvue na auvae mwenyewe mbele yako, kwa mkono mmoja, bila ya msaada. Wa umeme wenye soketi ya kubana huhitaji ngozi kavu kabisa ndipo elektrodi zikae vizuri. Wa mikanda huvuliwa kama fulana, ukishazoea. Sheikh wa msikitini mwenu atakwambia zaidi kuhusu hukumu yake kuliko mimi.

Wa printa

Huu umepata sifa nyingi kwa sababu ya hadithi yake. Richard van As, seremala wa Johannesburg, alikatwa vidole na msumeno mwaka 2011. Alimtafuta Ivan Owen, fundi wa vikaragosi aliyekuwa Marekani, na kwa pamoja wakabuni mkono wa kuchapwa kwa printa ya 3D, kisha wakauachia mchoro wake bure kwa kila mtu. Mwaka 2013 likazaliwa kundi la kujitolea la e-NABLE, ambalo limewachapia watoto wa nchi nyingi. Vifaa vyake ni kama dola 50.

Kwa mtoto wa skuli aliyezaliwa bila ya vidole, nauunga mkono. Mtoto anakua, soketi ya gharama itambana baada ya mwaka, lakini hii unachapa nyengine kubwa zaidi, na rangi achague mwenyewe. Tahadhari ni mbili. Mkono wa aina iliyoenea zaidi huendeshwa kwa kukunja kifundo; asiye na kifundo kinachokunja vizuri atahitaji ule wa kukunja kisugudi. Na plastiki ya PLA, inayotumika sana, huanza kulainika kwenye nyuzi joto kama 60. Uache kwenye dashibodi ya gari iliyopaki juani Konde, ukirudi umekunjika wenyewe. Mwenye printa aombwe atumie plastiki ya PETG, inayostahimili joto zaidi. Nguvu ya kushika ni ndogo: baiskeli ya mtoto ndiyo, ndoo ya maji hapana.

Wa sura tu nimeshausema. Ni mwepesi, hauharibiki, na unatosha kwa mtu aliyekwisha jifunza kufanya kila kitu kwa mkono mmoja na hataki maswali.

Basi nani achukue upi

Mvuvi, mkulima wa mwani, mchukuzi, seremala, fundi makenika: kulabu. Mchambuaji karafuu pia. Kuchambua ni kushika kishada kwa mkono mmoja na kuvunja karafuu kutoka kwenye makonyo kwa mwengine, pishi baada ya pishi, mpaka usiku. Kulabu inashika makonyo bila ya kuchoka, kwa kuwa mpira ndio unaobana na si msuli. Kuukwea mkarafuu, hapana, kwa mkono wowote kati ya hii. Hilo sishauri hata nikilipwa.

Mwalimu, karani, muuza duka wa Darajani, mpokea wageni hotelini Nungwi: hapa wa umeme una haki yake, kama fedha ipo na kama kuna mtu wa kuuhudumia asiyekuwa mbali mno. Aliyepoteza mikono yote miwili ningemuanzisha na kulabu hata akiwa tajiri, kwa sababu ya kuhisi waya na kwa sababu akiharibikiwa hana mkono wa kumsubirisha.

Aliyekatwa juu ya kisugudi ana hesabu nyengine kabisa, maana anahitaji kisugudi na kiganja kwa pamoja. Wataalamu wakati mwengine huchanganya, kisugudi cha waya na kiganja cha umeme. Huyo asiagize chochote kwa picha.

Kuna jambo la muda ambalo familia nyingi hulikosa. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wamekuwa wakisema kuwa anayevishwa mkono mapema, ndani ya wiki chache za mwanzo baada ya jeraha kukubali, huuzoea zaidi kuliko anayesubiri. Akikaa mwaka, mkono mmoja umeshajifunza yote na wa bandia unakuwa mzigo. Papo hapo, sehemu iliyobaki huwa imevimba na huendelea kupungua kwa miezi kadhaa, kwa hiyo soketi ya kwanza italegea tu. Ukoo unaochanga miaka miwili ili kijana apate mkono wa video unapoteza huku na huku. Bora wa waya wa bei nafuu sasa, mchango uendelee kimyakimya, na soketi ya kudumu itengenezwe umbo likishatulia. Akiwa anautumia kila siku na kazi yake inaruhusu umeme, fedha itakuwa na pa kwenda.

Kwa pa kuanzia: daktari wa hospitali, Abdulla Mzee kwa watu wa Mkoani, Mnazi Mmoja kwa wa mjini, akupe barua ya rufaa. CCBRT ya Dar es Salaam ina karakana ya viungo bandia, na Moshi, pale KCMC, kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa kazi hii tangu 1981. Nauli ya boti na basi ni ghali, najua, lakini soketi haichukuliwi vipimo kwa simu. Ukifika, uliza nani ataitengeneza ikilegea, vipuri vyake vinatoka wapi, na kama kijana anaweza kuondoka na waya mmoja wa akiba mfukoni.